Nani Alikosa Hata Chiriku Akaugua?

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule. Chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda changu. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na futi ya kamba iko shingoni mwangu kutwa nzima. Mume wangu ni fundi viatu. Yeye hufanyia kazi kibarazani na mlango huachwa wazi. Hivyo tunazungumza huku kila mtu yuko kazini kwake.

Chini ya meza yangu alikaa mwanetu, Chiriku. Alikuwa na miaka mitano. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama, viatu vikilala vinaota nini?"

"Muulize baba yako. Yeye ndiye mganga wao."

"Vinaota soli mpya," mume wangu alijibu kutoka nje. "Na wewe unaota nini?"

"Mimi silali, baba. Nafumba macho tu, halafu kunakucha."

Ndivyo siku zetu zilivyokwenda.

Kabla ya Chiriku tulikuwa na binti. Huyo tulimwita Msimamizi. Alikuwa na miaka mitatu tu, lakini hakuna aliyeingia na viatu ndani mbele yake. Hata wateja aliwafukuza. Siku moja alipata homa. Siku ya pili akapauka kama karatasi. Siku ya tatu tukamzika. Tulidhani ni homa kama homa nyingine. Hakuna aliyepima damu yake kutafuta jambo jingine, nasi hatukujua kuuliza.

Nilibaki na swali moja, na sikumwambia mtu. Nilimkosea Mungu nini?

Chiriku alipofikisha miezi minane, mikono na miguu yake ilivimba. Alilia usiku na mchana. Safari hii tulipelekwa kupimwa damu. Muuguzi akatuambia mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao wengine huuita siko seli. Ni ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Hauambukizwi. Alitukabidhi kadi ya kliniki na kikopo cha vidonge. Akasema, "Vidonge kila siku, msiruke. Anywe maji mengi. Asipigwe na baridi. Akipata homa, msingoje kesho. Mleteni."

Tulifuata maneno hayo miaka minne. Chiriku aliumwa mara chache, akakua, akaanza kuongea, na hakunyamaza tena.

Katika kanisa letu yuko mwanamke tunayemwita Mama Maombi. Ni kiongozi wa kikundi cha maombi cha akina mama. Nataka niseme ukweli wake wote. Msimamizi alipofariki, mama huyu alikuja kwangu wiki nzima. Alifua, alipika, na hakusema neno lolote la kunifundisha. Ni mtu mwema. Alifunga siku tatu kwa ajili ya Chiriku. Baada ya hapo mtoto alimaliza mwaka mzima bila maumivu.

"Mwaka mzima!" Mama Maombi alisema. "Mbona mmekaa kimya? Mungu akitenda, msimfunike na kapu."

Kanisani kwetu kuna desturi. Aliyeponywa husimama mbele na kutoa ushuhuda. Kisha huacha pale mbele alama ya ugonjwa wake. Kuna mzee aliacha fimbo yake. Kuna dada aliacha miwani. Jumapili ile mume wangu alisimama, akamwinua Chiriku juu, akasema, "Mwanangu amepona." Akaweka pale kikopo cha vidonge na kadi ya kliniki.

Watu walishangilia. Mimi pia nilipiga makofi. Lakini nilijua kikopo kile kilikuwa na vidonge vya wiki mbili.

Asubuhi iliyofuata nilinyoosha mkono kwenye rafu kwa mazoea. Rafu ilikuwa tupu.

"Baba Chiriku, twende tukachukue vingine?"

Aliacha nyundo. "Mke wangu, jana tumesema amepona. Leo tukionekana kliniki tunapanga foleni, yale maneno yatakuwa nini?"

Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa letu, naliandika hapa bila kulipamba. Mtoto alikuwa mzima kwa sababu alikuwa akitunzwa. Tuliona mti unazaa, tukaukata.

Miezi mitano ilipita salama. Kisha zikaja siku za mvua na baridi. Chiriku alicheza nje akalowa mpaka mifupa. Nilimvua nguo, nikamfuta, nikamfunika. Kesho yake nilikuwa nakata kola. Nilikata ya kwanza. Nilikata ya pili. Ndipo nikagundua kuwa nyumba iko kimya.

Niliinama chini ya meza. Alikuwa amejikunja, ameshika miguu.

"Chiriku, mbona huongei?"

"Maneno yamechoka, mama."

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alimgusa. "Ni ubaridi tu huu. Mkande na maji ya moto."

"Mama, mimi naogopa ni ule ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa wa damu. Mambo haya yameingia na..." Aliniangalia, akaacha hapo. Hakuhitaji kumalizia.

Siku hiyo Mama Maombi alikuja. Aliomba kwa machozi, ameshika kichwa cha mtoto. Mtoto hakupata nafuu. Mama Maombi akakaa kitako, amechoka. "Kuna mlango uko wazi katika nyumba hii," alisema. "Tafuteni. Labda kuna dhambi haijatubiwa. Labda imani imepungua."

Nilianza kuzitafuta dhambi zangu kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Nilipapasa kila mahali. Niliwahi kumdanganya mteja. Niliwahi kumjibu mama mkwe vibaya. Je, ni hiyo? Je, ni kwa sababu ya hiyo?

Siku ya pili, saa nne asubuhi, jirani yetu alipita kuchukua koti lake jeupe. Nilikuwa nimelitengeneza mfuko. Yeye hupima damu hospitalini, na mtaa mzima humwita Dada Hadubini kwa sababu hutazama damu kwa chombo hicho.

"Hodi! Leo sisikii redio yenu," alisema akicheka. "Chiriku yuko wapi?"

Nilimwonyesha. Kicheko kikamkauka. Alipiga magoti, akamvuta Chiriku kope ya chini, akatazama. Akafungua kiganja chake. Kilikuwa cheupe. Akamgusa tumbo taratibu upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mtoto akapiga kelele.

"Nani amemwona huyu?"

"Tumeombewa," mume wangu alisema kutoka mlangoni.

"Sawa. Sasa inukeni. Bandama limevimba. Damu imejaa humo, kwingine kumebaki kukavu. Mtoto huyu anataka damu leo. Si kesho, shemeji. Leo."

Mume wangu hakusogea. Alikuwa ameshika kiatu cha mtu, akakigeuza, akakigeuza tena. "Nilisimama mbele ya kanisa zima," alisema polepole. "Nikimpeleka nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo."

"Shemeji," Dada Hadubini alisema, "hivi Mungu amekuomba umlindie jina lake kwa uhai wa mtoto?"

Nilikuwa nimeshamfunga Chiriku mgongoni, mtoto mkubwa vile, miguu ikining'inia mapajani kwangu. Nikasema neno ambalo sikuwahi kumwambia mume wangu kwa sauti ile. "Mmoja nimezika. Wa pili siziki kwa sababu ya aibu. Nipishe."

Alinipisha. Tulipopata pikipiki barabarani nilisikia mtu anakimbia nyuma yetu. Alikuwa yeye, na kiatu cha mteja bado kiko mkononi.

Hospitalini walimwekea damu haraka. Tuliambiwa kwamba tungechelewa saa chache zaidi, tungempoteza. Waliomba ndugu wachangie damu ili kurudisha iliyotumika. Mume wangu alikunja shati wa kwanza. Dada Hadubini akampima, kisha akanipima na mimi. Tulikuwa hatujawahi kupimwa. Alirudi akatukalisha kwenye benchi.

"Damu yako, shemeji, haifai kwa mtoto mwenye ugonjwa huu. Wewe si mgonjwa, lakini umebeba nusu ya ugonjwa. Na dada naye amebeba nusu."

"Mimi?" mume wangu aliuliza. "Mimi niliyebeba magunia tangu utoto?"

"Wewe mwenyewe. Mwenye nusu haumwi. Anaweza kuzeeka asijue."

Mama mkwe alikuwa amefika na nguo za mtoto. Alisikia yote. Alitazama sakafu.

Dada Hadubini akatueleza. Chembe za damu za mtu asiye na ugonjwa huu ni mviringo na laini, hupita popote. Za Chiriku nyingine hupinda kama mundu. Hukwama kwenye mishipa, na zikikwama ndipo huja maumivu. Kila mzazi ana maagizo mawili ya kutengeneza damu. Humpa mtoto moja tu, na hachagui lipi.

"Subiri, dada," nilisema. "Nieleze kwa kazi yangu. Ni kama karatasi za kukatia nguo? Mimi ninazo mbili, moja nzima, moja ina kasoro. Baba yake naye vivyo hivyo."

"Ehe."

"Mtoto anakatwa kwa karatasi mbili, yangu moja na ya baba yake moja. Akipata nzima zote, mzima kabisa. Akipata nzima moja, hiyo inaficha kasoro, anakuwa kama sisi. Akipata mbovu zote mbili..."

"Anakuwa Chiriku. Na ni hivyo kwa kila mimba. Bahati yake ina mafungu manne: moja mgonjwa, mawili kama ninyi, moja hana kabisa. Mimba ya kwanza ikitoa mgonjwa, haipunguzii ya pili hatari hiyo."

"Ni nani aliyetelezwa na mkasi mara ya kwanza?"

"Hakuna anayejua. Ni zamani mno. Tunanakili tu, kizazi kwa kizazi."

Nikakumbuka karatasi moja. Mwalimu wangu wa ushonaji alinipa karatasi ya kola aliyoipata kwa mwalimu wake. Ilikuwa imepinda kidogo ubavuni, nami nilishona kola nyingi kabla ya kugundua. Sikumchukia mtu. Lakini damu si kola.

"Lakini karatasi zote ni za Mungu, au siyo?" nilimuuliza. "Tunaimba kwamba yeye ndiye anayemuumba mtoto tumboni. Basi na hili ameliumba yeye?"

Dada Hadubini alivua miwani, akaifuta. "Dada yangu, mimi nasali kanisa moja na wewe. Kila nikiona zile chembe zilizopinda, nakasirika. Natumaini hata yeye hazimpendezi. Zaidi ya hapo, muulize mchungaji."

Mchungaji alifika mchana, na Mama Maombi nyuma yake. Mama Maombi alisimama miguuni mwa kitanda, akaona mrija wa damu, akaona mdomo wa mtoto unaanza kurudiwa na rangi. Kisha akauliza, "Wanachukulia wapi damu? Haya, waje wachukue yangu. Maombi nitaendelea nayo huku wananitoboa."

Mimi nilimuuliza mchungaji swali langu lile lile: na hili ameliumba Mungu?

Mama mkwe alijibu kwanza. "Kazi ya Mungu haina makosa. Amempa, basi. Tupokee."

"Mama," mchungaji alisema, "wako Wakristo wengi wanaosema kama wewe, nami nawaheshimu. Lakini mimi siwezi kusema Mungu alikaa akachagua mtoto wa kumtesa. Wako wanaosema ulimwengu wote umeumia tangu mwanadamu alipomwacha Mungu, na jeraha limefika hata kwenye damu. Wako wanaosema Mungu ameiachia dunia iende kwa kanuni zake, mvua inyeshe, mbegu ibadilike, naye hashiki kila tone kwa mkono."

"Hiyo nusu ina kazi yake," Dada Hadubini alisema. "Mwenye nusu, malaria kali haimuui kwa urahisi. Ndiyo maana imeenea."

Nilihisi hasira inapanda. "Kwa hiyo ngao ya mtoto wa jirani ndiyo kisu cha mwanangu? Ndiyo haki hiyo, mchungaji?"

"Sijui, mama Chiriku," alisema. "Nimezika watoto wengi, na binti yako mmoja wao. Nikikuambia najua, nitakudanganya. Yesu naye aliulizwa juu ya mtu aliyezaliwa kipofu. Watu walitaka waonyeshwe mkosaji. Aliwaambia kwamba si kipofu, wala si wazazi wake. Halafu akainama, akachanganya tope, akamtibu yule mtu. Hapo ndipo ninaposhika. Hakuna aliyekosa. Si wewe, si mumeo. Na tiba si adui yake."

Mume wangu aliinamisha uso. "Mimi nimekosa. Niliacha dawa."

"Hilo tumekosa wote," mchungaji alisema. "Ulipoweka kikopo pale mbele, mimi ndiye niliyesema amina kwenye kipaza sauti. Ningepaswa kukurudishia mkononi saa ileile. Nisamehe."

Chiriku alifumbua macho. Alitazama mrija, akatazama mfuko wa damu. "Ya nani hiyo?"

"Ya watu wema," nilimwambia.

"Nikiimaliza, nitaongea kama nani?"

Mama Maombi alicheka mpaka akalia.

Tulirudi nyumbani baada ya siku sita. Jumapili iliyofuata mume wangu aliomba nafasi. Hakumbeba Chiriku. Alisimama peke yake, mikono imelegea.

"Nilisema hapa kwamba mwanangu amepona," alisema. "Hakuwa amepona. Alikuwa anatunzwa. Mimi niliacha kumtunza, nikaita jambo hilo imani. Mungu hakunidanganya. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka ya kupigiwa makofi. Mwanangu ana selimundu. Mimi na mke wangu tumebeba nusu nusu. Tulimzika dada yake, na huenda ni ugonjwa huo huo, na hatutajua. Kama una mtoto anayevimba mikono, anayepauka, anayeumwa mifupa kila mara, usitafute dhambi yako. Mpeleke akapimwe. Ombeni njiani."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Lakini alipotoka nje, mwanamke mmoja alimfuata, amembeba mtoto. Halafu mwingine. Wiki ile Dada Hadubini alipima familia tatu za kanisa letu.

Desturi yetu ya ushuhuda ipo bado. Lakini mchungaji ameweka neno moja: dawa haiachwi pale mbele. Mtu huacha dawa akiambiwa na daktari. Naye Mama Maombi, ukimpelekea mtoto, swali lake la kwanza ni "Mmepima?" Ukisema bado, anavaa viatu anakusindikiza. Anaomba huku mnatembea. Vijana wanaotaka kuoana mchungaji huwatuma wakapimwe kwanza, ili wajue wanachokibeba kabla ya kuamua.

Chiriku sasa yuko darasa la pili. Anakunywa vidonge vyake kila siku, na kliniki wamemwongezea dawa nyingine ya kupunguza maumivu. Siku za baridi huvaa soksi mbili. Hajapona. Mwaka huu amelazwa mara moja tu. Mwalimu wake ananiambia kosa lake kubwa ni kuongea.

Mwezi uliopita Dada Hadubini alikuja kuchukua koti jingine. Mama mkwe alikuwa anachambua vifungo vyangu kwenye sinia. Hakuinua kichwa alipouliza.

"Mwanangu. Hiyo nusu ya baba Chiriku. Ilitoka wapi?"

"Kwako, mama, au kwa marehemu babu yake Chiriku. Au labda wote wawili mlikuwa nayo."

Mkono wake ulisimama juu ya vifungo. "Kabla yake nilizaa wawili," alisema. "Wa kwanza alivimba mikono. Wa pili alipauka, akaenda kwa siku mbili. Mama mkwe wangu alisema tumbo langu linakula watoto. Kanisani walisema nina siri. Nilifunga, nikatubu, nikatubu hata nisichokifanya. Miaka yote hii. Sikuwaua mimi?"

Dada Hadubini alikaa sakafuni karibu naye. "Hapana, mama. Hukuwaua. Hukukosa kitu."

Mume wangu alikuwa ameingia, amesimama mlangoni. Hakuwahi kuambiwa kwamba aliwahi kuwa na kaka na dada.

"Waliitwa nani, mama?" aliuliza.

Mama mkwe alituambia majina yao, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayejaribu kama ulimi bado unayajua. Kisha akanigeukia mimi, akanishika mkono, akataja na la binti yangu.